Bakteria wa Mto Mara: Sumu Gani Wanaiweza, na Ipi Inawashinda



Katika vijiji vyetu vya Tarime na Serengeti si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba maji yanayotembea hujisafisha yenyewe. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Mto una wafanyakazi wasioonekana kwa macho, yaani bakteria, na kazi yao ya kila siku ni kuvunjavunja vitu. Jani likianguka majini, ng'ombe akijisaidia kando ya mto, mzoga ukielea, bakteria huvila mpaka hakuna kinachobaki. Bila wao dunia ingekuwa imejaa takataka tangu zamani.

Lakini Mto Mara wa leo haupokei majani na mizoga tu. Unaanzia kwenye milima ya Mau nchini Kenya, unapita katika Hifadhi ya Serengeti, kisha unatenganisha wilaya zetu mbili, Tarime upande wa kaskazini na Serengeti upande wa kusini, kabla ya kuingia katika eneo oevu na hatimaye Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Njiani unapakana na nchi ya dhahabu. Kuna mgodi mkubwa wa North Mara huko Nyamongo, na kuna wachimbaji wadogo wengi wenye makarai, makarasha na zebaki. Je, bakteria wanaweza kuvunja na sumu za kazi hii pia?

Makala hii inajibu swali hilo. Kwa ufupi, kuvunjwa si sawa na kwisha. Kwa kila sumu tunapaswa kuuliza maswali matatu. Je, inaweza kuvunjwa? Ikivunjwa, inageuka kuwa nini? Na nani analipa gharama ya kuivunja?

Bakteria anakula, hatusafishii

Bakteria hana nia ya kutusaidia wala kutudhuru. Ni kiumbe cha seli moja tu, kinachotafuta chakula na cha kuvutia pumzi. Sisi tunakula ugali na kuvuta oksijeni. Bakteria wengi hufanya vivyo hivyo, ila wapo wengine ambao, oksijeni ikikosekana, "huvuta" vitu vingine kama salfeti, chuma, hata klorini. Anapovunja uchafu anajipatia nguvu ya kuishi. Usafi tunaouona ni masalia ya mlo wake.

Kwa sababu hiyo hata kazi yake njema ina bei. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi kuwa meusi na samaki wengi wakafa. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na Serikali ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyosababisha oksijeni katika maji kupungua. Wengi hawakuamini, na wengine walicheka. Waliuliza, ng'ombe wamekunywa maji ya mto huu tangu enzi za babu zetu, iweje samaki wafe leo?

Kikemia jambo lenyewe linawezekana. Watafiti waliofanya kazi kwenye Mto Mara upande wa Kenya walichapisha matokeo mwaka 2018 kuhusu viboko. Viboko zaidi ya 4,000 wa eneo hilo huingiza mtoni kila siku takribani kilo 8,500 za majani yaliyosagwa tumboni. Kinyesi hicho hutuama chini ya mabwawa yao, bakteria wakakila na kumaliza oksijeni yote. Mvua kubwa ikija, maji hayo yasiyo na oksijeni husombwa kwenda chini kwa mkupuo, na samaki wanakosa pumzi. Hapo hakuna sumu ya kiwandani hata tone moja. Samaki wameuawa na usafishaji wenyewe.

Maelezo haya hayaondoi haja ya kupima kemikali kila samaki wanapokufa. Yanatufundisha tu kwamba mto una kiwango cha uchafu unachoweza kubeba kwa wakati mmoja, na bakteria wakizidiwa, deni linalipwa na viumbe wengine.

Sayanidi: sumu inayovunjika

Sayanidi hutumika migodini kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa. Ni sumu kali sana kwa seli. Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo oksijeni hutumika kuzalisha nguvu. Sayanidi huingia humo na kukiziba kimeng'enya cha mwisho kinachoipokea oksijeni. Damu inakuwa imejaa oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia. Ni kama mtu aliyezungukwa na chakula huku amefungwa mdomo.

Hata hivyo sayanidi ni muungano wa kaboni na naitrojeni tu, na vyote viwili ni chakula cha viumbe hai. Wapo bakteria wenye vimeng'enya vya kuitenganisha iwe amonia na kabonidayoksaidi. Mgodi wa Homestake huko South Dakota, Marekani, ulianza mwaka 1984 kutumia bakteria wa aina hiyo kusafisha maji yake kabla ya kuyaachia kijitoni. Mtambo ule ulikuwa na hatua mbili. Bakteria wa kwanza walivunja sayanidi ikawa amonia. Lakini amonia nayo huua samaki, hivyo bakteria wa pili waliigeuza kuwa naitreti. Sumu moja ilipita mikono miwili kabla maji hayajafaa. Ingekuwa hatua moja tu, sumu ingebadilishwa jina.

Watu wa Tarime wanaifahamu sayanidi hata bila mgodi, kwa sababu imo kwenye muhogo mchungu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilikumbwa na ugonjwa uitwao konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Watafiti William Howlett, George Brubaker, Nicholas Mlingi na Hans Rosling walichapisha utafiti wao juu ya mlipuko huo mwaka 1990. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka kwa sababu ya njaa, ukaliwa bila kitoweo cha kutosha. Mwili huiondoa sayanidi kwa kuifunga na salfa inayopatikana kwenye protini. Asiyepata maharage, maziwa, samaki au nyama anakosa silaha hiyo.

Bibi zetu walikuwa na dawa yake: kuvundika. Muhogo unapovundikwa au kulowekwa kwa siku kadhaa, vijidudu hulainisha nyama yake na kuta za seli zinabomoka. Kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinakutana na kiini cha sumu na kukivunja, sayanidi inayotoka inasombwa na maji au kupaa hewani wakati wa kuanika. Udaga ulioandaliwa vizuri ni ushahidi kwamba vijidudu vinaweza kutuokoa na sumu. Konzo ni ushahidi wa pili, kwamba vinahitaji muda wao. Ukiwapunja siku, wanakuachia kazi nusu.

Mtoni ni vivyo hivyo. Sayanidi iliyomwagika juu ya ardhi, penye jua, hewa na bakteria, hupungua kwa haraka kiasi. Ile iliyoshikana na chuma hukaa muda mrefu, na iliyozama kwenye maji ya chini ya ardhi, kusikofika jua wala hewa, nayo hudumu zaidi. Na hata ile inayovunjika haraka inaweza kuua ng'ombe na samaki kabla bakteria hawajaigusa.

Klorini: kazi ya nusu na mfanyakazi anayejeruhiwa

Ili tuelewe vizuri hatari ya kazi ya nusu, tutazame sumu nyingine ambayo wanasayansi wameichunguza kwa miaka mingi katika nchi za viwanda. Ni trikloroethilini, kimiminika kilichotumika sana kuondolea grisi kwenye vyuma na mashine. Ina ndugu zake wenye klorini, wakiwemo wanaotumika kufulia nguo zisizoguswa na maji. Ikimwagika huzama ardhini na kukaa kwenye maji ya visima kwa miongo mingi.

Bakteria wanaiendea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya wale wasiotumia oksijeni. Hao "huvuta" klorini kama sisi tunavyovuta hewa, wakiing'oa chembe moja baada ya nyingine. Shida ni kwamba wengi huishia njiani. Wakifika kwenye hatua iitwayo vinili kloridi wanakwama, nayo ni kitu kinachosababisha saratani kwa binadamu. Kisima kilichokuwa na sumu moja sasa kina nyingine, pengine mbaya kuliko ya kwanza. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamempata bakteria, aliyepewa jina la Dehalococcoides, anayeweza kumaliza safari nzima hadi kubaki ethilini, ile gesi inayotolewa na ndizi zinapoiva. Lakini huyo ni mteule: akiguswa na oksijeni anakufa, na sehemu nyingi hayupo kabisa.

Njia ya pili ni ya bakteria wanaokula gesi ya methani kwa kutumia oksijeni. Kimeng'enya chao cha kushika methani hushika pia trikloroethilini kwa kukosea. Bakteria hapati chakula chochote kutoka humo. Anachopata ni kitu kikali kiitwacho epoksidi, ambacho hakidumu, bali hushambulia chochote kilicho karibu: kimeng'enya kilichokitengeneza, protini nyingine, hata vinasaba vya seli. Anavyozidi kuvunja sumu ndivyo anavyozidi kuumia, mpaka anashindwa hata kula methani yake na kufa. Kwa hiyo wanaosafisha visima kwa njia hii hulazimika kuwalisha bakteria methani kila mara ili wapya wachukue nafasi ya waliokufa.

Hapa pana jibu la swali la tatu. Sumu nyingi haziumizi seli kwa jinsi zilivyo, bali kwa kile zinachogeuka kuwa wakati seli inajaribu kuziondoa. Hata ini la binadamu, likijitahidi kuivunja sumu, linaweza kujiumiza kwa mabaki ya kazi yake.

Bakteria wanaotengeneza sumu

Turudi Nyamongo. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka eneo la mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mto Mara. Wanavijiji walilalamikia vifo vya mifugo na magonjwa ya watu, na suala hilo likafika bungeni. Mwaka huohuo wanasayansi wa Tanzania walipima maji, udongo na tope la eneo hilo kwa ajili ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania. Mwaka 2019 Serikali iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakivuja kutoka bwawa la mabaki.

Asidi hiyo inatoka wapi? Si lazima mtu aimwage. Miamba yenye dhahabu mara nyingi ina madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu bandia. Yakiwa chini ya ardhi hayana neno. Yakichimbwa na kurundikwa juu, hewa na mvua huyafikia, nayo huanza kutoa asidi ya salfa polepole. Kisha wanafika bakteria wanaoitwa Acidithiobacillus, wanaoishi kwa kula chuma na salfa na wasioogopa asidi. Hao wanaweza kuharakisha hatua muhimu ya kazi hiyo hadi mara milioni moja. Asidi inayotoka huyeyusha metali nyingine zilizomo mwambani na kuzibeba mtoni.

Kwa hiyo kwenye rundo la mawe ya mgodi kuvunja kwa bakteria ndiko kunakozaa sumu. Dawa yake ni kuwanyima hewa na maji: kufunika mawe hayo, kutandika chini yake kitu kisichopitisha maji, na kukusanya kila kinachochuruzika. Ndiyo maana anayeondoa au kuiba plastiki ya kutandikia mabwawa ya mgodi hawakomoi wenye mgodi. Anafungua bomba kuelekea kisima cha jirani yake.

Zebaki: isiyovunjika

Tumebakiza sumu ambayo iko mikononi mwetu zaidi kuliko zote. Mchimbaji mdogo humwaga zebaki kwenye mchanga uliosagwa, nayo hushikana na dhahabu. Donge hilo likichomwa, zebaki huwa mvuke na dhahabu inabaki. Mara nyingi gramu moja ya dhahabu hugharimu gramu moja hadi mbili za zebaki, na zote huishia hewani, udongoni au majini.

Swali la kwanza linajibiwa mara moja: zebaki haivunjiki. Si muungano wa vitu kama sayanidi, ni elementi, kama chuma. Hakuna bakteria, moto wala muda utakaoimaliza. Bakteria wanaloweza ni kuibadilisha vazi.

Wapo waliojaliwa kimeng'enya cha kuigeuza ikawa mvuke na kuisukuma nje ya seli zao. Kwao ni wokovu, lakini kwetu zebaki imehamia hewani tu, na itarudi na mvua. Wapo wengine wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni, kama lile la maeneo oevu, ambao huivisha kaboni ikawa methili zebaki. Mwaka 2013 watafiti waligundua jozi ya jeni zinazowapa uwezo huo. Methili zebaki ndiyo mbaya kuliko zote, kwa maana inapita kwa urahisi kwenye kuta za seli, inaingia kwenye ubongo, na inavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Vijidudu huibeba, samaki wadogo wakavila, samaki wakubwa wakawala wadogo, na kila hatua sumu inazidi kukusanyika. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, kuna watoto waliozaliwa na ulemavu mzito ilhali mama zao walionekana wazima.

Tusitiane hofu kupita kiasi. Vipimo vilivyochapishwa miaka ya 1990 na 2000 vilionyesha kuwa samaki wengi wa Ziwa Viktoria walikuwa na zebaki chini ya viwango vya kimataifa, na samaki ni chakula bora. Lakini ipo desturi moja inayohitaji kuangaliwa. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kupitishwa zebaki, mara nyingi huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanidi ili watoe dhahabu iliyobaki. Sayanidi huyeyusha dhahabu, na huyeyusha zebaki pia, kisha huibeba ikiwa laini na nyepesi kusafiri. Baadaye bakteria wanaivunja sayanidi kama tulivyoona, nayo zebaki inabaki, tayari kwa bakteria wa kwenye tope. Aliyesema sumu imekwisha kwa sababu sayanidi haipo tena amehesabu nusu.

Tufanye nini

Ulimwengu uliafikiana juu ya zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Lakini mikataba haichomi dhahabu; watu ndio wanaoichoma, na wengi wao ni waamini wetu wanaotafuta ada na mlo wa watoto. Hatuwezi kuwafundisha kwa kuwalaumu. Jumuiya ndogo ndogo, WAWATA na VIWAWA wanaweza kuanza na mambo machache yaliyo wazi.

Donge la zebaki lisichomwe ndani ya nyumba wala jikoni, na sufuria iliyotumika isirudi kupikia. Wajawazito na watoto wakae mbali kabisa na kazi hiyo. Achomaye atumie kifaa kilichofungwa chenye bomba la kupoozea mvuke, kiitwacho retoti, kinachorudisha zebaki nyingi ili itumike tena; ni nafuu kwa mfuko wake pia. Mchanga usioshwe mtoni wala karibu na kisima, bali penye shimo lililotandikwa. Marudio yenye zebaki yasipelekwe kwenye sayanidi. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara, lakini hakuondoi zebaki. Samaki waliokutwa wamekufa wakielea wasiliwe wala kuuzwa, na taarifa ipelekwe mara moja kwa uongozi wa kijiji na kwa NEMC, ili maji yapimwe kabla hayajapita. Na nyumbani, udaga uachwe uvundike siku zake zote, hata kama njaa inabisha hodi.

Kwa sisi tunaojiandaa kwa upadre, jambo hili si la pembeni. Baba Mtakatifu Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 51, aliutaja kwa jina uchafuzi wa zebaki kwenye machimbo ya dhahabu. Na Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, kinasema wazi katika aya ya 12 kwamba dhahabu ya nchi ile ni njema. Aya tatu mbele yake, mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Hakuna dhambi katika dhahabu yenyewe. Lakini kazi ya kutunza alipewa mtu. Bakteria wanafanya sehemu yao kwa uaminifu, usiku na mchana, nao hawajui kutofautisha kisima na tope. Sisi tunajua.